Askari sitini, wapagazi wanne

Kifurushi changu cha kwanza kutoka Uingereza nilikifungulia palepale posta, kwenye benchi, kwa kuwa subira ya kufika nyumbani Migosi ilinishinda. Ndani mlikuwa na askari sitini na wapagazi wanne, wote wa madini meupe, kila mmoja kama milimita 28 kutoka nyayo hadi usawa wa macho. Thelathini walikuwa wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, ile KAR ambayo wazee wetu waliiita Keya. Thelathini wengine walikuwa askari wa Mjerumani. Wapagazi walifungwa peke yao kwenye kijimfuko, kila mmoja na kasha kichwani. Askari niliwahesabu mara mbili. Wapagazi niliwatia kwenye droo ya meza, na humo walikaa miaka miwili bila tone la rangi.

Nataka kueleza walivyotoka kwenye droo hiyo.

Kwa asiyeujua uraibu huu: unachagua vita fulani vya kweli, unakusanya vijisanamu vya watu waliovipigana, unawapaka rangi kulingana na sare zao, unajenga uwanja juu ya meza, kisha unacheza na mwenzako kwa dadu, futi ya kupimia na kitabu cha kanuni. Kikosi husogea inchi kadhaa kwa zamu. Ukifyatua, dadu huamua ni wangapi wamepatwa. Si mambo ya jana. Tangu 1824 maofisa wa Prussia walikuwa wakijifunzia vita juu ya ramani, kwa dadu na vipande vya kuwakilisha vikosi, wakifuata kanuni za luteni mmoja aitwaye von Reisswitz. Vijisanamu vyenye rangi vilikuja baadaye, mikononi mwa raia kama mimi.

Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia. Kutwa nashika vitu vidogo: nta, jasi, kisu cha kuchongea, waya. Mkono na jicho nilikuwa navyo tangu mwanzo.

Wengi wanaoingia kwenye uraibu huu huvutwa na Napoleon, au na vifaru vya Vita vya Pili vya Dunia. Mimi nilivutwa na gati la Kisumu. Nilisoma mahali kwamba mnamo Juni 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kikosi cha Waingereza kilipanda meli hapa hapa, kikavuka ziwa, na tarehe 22 kikashuka kaskazini ya mji wa Bukoba. Walipigana siku mbili, wakauingia mji, wakaulipua mnara wa redio wa Wajerumani, wakarudi. Meli zenyewe zilikuwa za kawaida za ziwani, Usoga, Rusinga, Nyanza, Winifred, zilizozoea abiria na magunia. Nimezaliwa mji huu. Nimekula samaki upande wa Dunga tangu utotoni nikiangalia maji hayo hayo. Habari hiyo sikuwahi kuisikia darasani hata siku moja, na nilipoipata nilikwenda nikasimama kwenye uzio wa bandari jioni nzima. Kesho yake niliagiza kile kifurushi.

Rangi kwanza, maana huko ndiko nilikoharibu zaidi.

Niliwapulizia andakoti ya kopo saa saba mchana, kibarazani, upepo wa ziwa ukivuma. Matone yalikauka hewani kabla ya kuwafikia askari, wakatoka na ngozi ya msasa. Niliwaloweka kwenye thina usiku kucha, nikawasugua kwa mswaki, nikaanza upya. Sasa hupulizia alfajiri, kabla ya saa moja, hewa ikiwa imetulia, kopo nikilishika umbali wa shubiri moja, tena baada ya kuwaosha kwa sabuni ili mafuta ya kalibuni yatoke. Wiki hiyo hiyo nilipulizia kilima nilichokichonga kwa ile povu nyeupe inayokuja kwenye makasha ya televisheni. Kilinyeyuka mbele ya macho yangu, kikabaki mashimo kama sega la asali. Dawa iliyomo kwenye kopo huila povu hiyo. Kilima kinatakiwa kivishwe kwanza koti la gundi ya mbao na mchanga, kikauke siku nzima, ndipo rangi ije, na iwe ya maji.

Aliyenifundisha kupaka hasa ni fundi wa mabango wa sokoni Kibuye, mzee ambaye amechora nusu ya maduka ya simu na saluni za upande ule. Nilimpelekea askari wangu watatu ndani ya kikasha cha dawa. Aliwashika kwa ncha za vidole, akawasogeza karibu na pua.

"Daktari," aliniambia, na hilo ndilo jina ninaloitwa na kila mtu, ingawa mimi ni fundi kama yeye, "umewavalisha blanketi. Mchongaji alichonga vifungo, wewe umevizika."

"Nifanyeje, mzee?"

"Maji. Rangi iwe kama maziwa, isiwe kama uji. Pitisha, ngoja ikauke, pitisha tena. Ukiona haraka inakushika, weka brashi chini uende ukanywe chai."

Nimepata ushauri mwingi tangu siku hiyo, na sijapata ulio bora. Rangi nyepesi mara mbili huacha mikunjo ya nguo ionekane. Baada ya hapo unatonesha rangi ya majimaji, nyeusi iliyochanganywa na hudhurungi, inateremka yenyewe kwenye mikunjo na kuwa kivuli. Ikikauka, unachukua brashi iliyokaribia kukauka kabisa, unaipitisha juu juu, na yale yaliyoinuka yanapata mwanga: magoti, mabega, ukingo wa kofia. Mzee yule hutumia ujuzi huo huo kuifanya herufi ya bango ionekane imesimama mbele ya ukuta.

Kisha nikafika kwenye ngozi, na hapa nitakaa kidogo.

Mwongozo niliokuwa nikiufuata ulieleza uso wa Mzungu kwa hatua nne: rangi ya chini, kivuli, mwanga wa kwanza, mwanga wa pili kwenye pua na mashavu. Waafrika wote walipewa kopo moja la hudhurungi, basi. Niliufuata. Nilipowapanga askari wangu wa Keya mezani, hawakuwa watu. Walikuwa mtu mmoja aliyerudiwa mara thelathini, na uso wake ulikuwa umezimika.

Nilikwenda kituo cha matatu cha Kondele nikiwa na daftari. Nilikaa kwa muuza chai kuanzia saa tisa alasiri, jua likiwa limeinama, nikatazama nyuso. Kwa mtu mweusi tititi, mwanga wa jua kwenye paji la uso hauwi mweupe wala kahawia. Una samawati ndani yake. Kwa aliye maji ya kunde, mwanga huo unaelekea machungwa. Vivuli vya chini ya taya havina weusi hata kidogo, ni wekundu mzito uliochanganyika na bluu. Viganja vina rangi nyingine, na midomo nyingine kabisa. Yote hayo nilikuwa nikiyaona tangu nizaliwe bila kuyatazama. Nilirudi nyumbani nikachanganya rangi kwenye kigae cha bafuni: hudhurungi, nyekundu kidogo, bluu nzito, tone la manjano. Nikapata ngozi saba. Nyeusi ya kopo niliiondoa kabisa kwenye nyuso, kwa sababu huua kivuli, na uso usio na kivuli hauna macho.

Tangu hapo kila askari wangu ana mtu niliyemwona. Kuna aliyechukua paji la uso la kondakta mmoja wa Kondele, kuna mwenye mashavu ya mjomba wangu. Uso mmoja hunichukua karibu saa moja. Ukimaliza kukaa saa nzima na uso mdogo kama punje ya hindi, ukiutafutia mwanga wake, huwezi tena kuuita idadi.

Sare zilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, mradi usome. Askari wa Keya wa 1914 alivaa jezi ya bluu nzito na kaptura ya kaki, miguu mitupu. Askari wa Mjerumani alikuwa wa kaki tupu, na buti. Vikosi vingi vya Wajerumani vilianza vita na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya baruti nyeusi, ambayo kila mlio wake ulitoa wingu la moshi. Mezani tunaweka kipande cha pamba mbele ya kikosi kilichofyatua, na kwa zamu nzima kila adui anajua walipo. Kitu kidogo kama hicho hubadilisha mchezo wote. Mwenye bunduki ya kale hujifunza kungoja.

Mwenzangu wa kucheza ni jirani, mwanajeshi mstaafu. Alinikuta siku moja nikikausha miti kibarazani, miti ya waya na sponji ya kuogea, akauliza ni ya nini, na jioni hiyo alikuwa ameketi upande wa Wajerumani akiilinda Bukoba. Namwita afande, naye huniita daktari. Nilijua tu kwamba alikuwa jeshini miaka mingi. Sikujua kwamba sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia stoo, akihesabu na kugawa.

Kwenye mchezo wetu wa tatu aliziweka dadu chini.

"Daktari, watu wako wanakula nini?"

"Afande, hivi ni vita vya siku mbili."

"Hata siku mbili. Hiyo mashinigani ya Maxim inapozwa kwa maji. Nani ameyabeba? Na risasi, umefyatua tangu saa mbili, zinatoka wapi?"

Nilimpa kitabu cha kanuni. Alikisoma chote, akapiga miwani yake kwa kidole, akasema aliyekiandika alijua kupiga bunduki lakini hakuwahi kuhesabu magunia. Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu aliyeona nyumba isiyo na msingi, na akaomba kalamu.

Tulikaa hadi saa sita usiku. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilikuwa na mbung'o, wanyama wa mizigo wakafa kwa maelfu, na barabara za malori hazikuwepo. Kila kitu kilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Afande alianza hesabu yake: tuseme mpagazi mmoja anabeba kilo 25, na anakula unga kilo moja kwa siku. Ghala liko mbali na kikosi, mwendo wa siku kumi. Kwenda amekula kilo kumi, kurudi kilo kumi. Kati ya kilo 25 alizozitoa ghalani, anayepigana anapokea tano. Afande akalizungushia duara lile tano, akaniangalia.

Hapo niliacha kusoma habari za vikosi nikaanza kusoma habari za misafara. Kumbukumbu rasmi za Waingereza wenyewe zinakubali kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa upande wao, na watafiti wengi wanaamini walikuwa wengi zaidi sana. Risasi haikuwa muuaji mkuu. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia, na kwa unga wasiouzoea uliopikwa ukabaki mbichi kwa kukosa muda na kuni. Mwaka 1917, uhitaji ulipozidi, aliyekabidhiwa kazi ya kuwakusanya alikuwa John Ainsworth, ambaye kabla ya vita aliutawala mkoa wa Nyanza kutoka mji huu huu. Aliwajua machifu wetu, na machifu walijua nyumba za vijana. Jina la kikosi cha wapagazi hao bado tunalitamka bila kulisikia: Carrier Corps, Kariokor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar es Salaam.

Usiku huo nilifungua droo. Wapagazi wanne walikuwa pale pale, ndani ya kijimfuko chao.

Niliwapaka wote wiki hiyo, na baada yao nikakwama. Wanne kwa askari sitini ni uongo. Kwa uwiano wa kweli ningehitaji mia moja na zaidi, na kuagiza wengine nje kungenigharimu mshahara. Kuwanakili wale wanne sikutaka. Ningeweza, vifaa ninavyo, lakini ni kazi ya mchongaji mwingine anayekula kwa jasho lake, na huo ni wizi hata kama hakuna atakayejua. Ikabidi nichonge wangu.

Nilisafiri Nairobi kwa ajili hiyo. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba za ukumbusho wa vita vile, na mmoja wa watu hao watatu ni mpagazi. Maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yaliyo chini yake yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nilimzunguka kwa saa moja nikipiga picha za magoti yake, kifundo cha mguu, mgongo. Watu walipita, wakipiga simu, wakikimbilia basi. Sikumwona hata mmoja akiinua macho, na siwalaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimepita hapo mara nyingi nikienda kununua akriliki, plastiki ya kutengenezea meno.

Uchongaji nilifanya kwa nta ya kazini juu ya mifupa ya waya wa kunyooshea meno. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumchonga mpagazi kama askari aliyebebeshwa mzigo. Mwenye kilo 25 kichwani hasimami hivyo. Nilikwenda sokoni Kibuye kuwatazama wanaoshusha mahindi. Shingo inanyooka, kidevu kinaingia ndani, kifua kinatangulia, magoti hayakunjuki kabisa, na mkono mmoja uko juu hata pale ambapo mzigo hauhitaji kushikwa. Nilimwomba kijana mmoja anipandishie gunia dogo kichwani, nikatembea nalo hatua hamsini. Niliporudi mezani nilivunja nta yote niliyokuwa nimechonga.

Mwishowe nikapata watu kumi na wawili: wa kasha la risasi, wa gunia la unga, wa sufuria, wawili wanaobeba machela, mmoja aliyeketi akijishika unyayo. Niliwatengenezea kalibu za silikoni na kuwamiminia akriliki, kumi kila mmoja. Viputo vya hewa vilinisumbua mwezi mzima, hasa vidoleni. Kila aliyetoka alikuwa na kidole pungufu. Dawa ilikuwa mashine ya mtetemo tunayotumia kutoa hewa kwenye jasi. Unaiwekea kalibu juu yake, viputo vinapanda vyenyewe. Binti yangu alisokota mikeka ya mizigo kwa nyuzi za magugumaji yaliyokaushwa, yale yanayouzwa Dunga kwa kusukia vikapu, na hakuna kiwanda kitakachofanya mkeka ukae vile.

Wote mia moja na ishirini nimewawekea wosha ya chuma chini ya kitako, na sakafu ya kasha lao nimeibandika sumaku laini niliyoitoa kwenye mpira wa mlango wa friji mbovu. Nilijifunza hilo kwa uchungu, nilipokwenda Nakuru kucheza na mwenzangu mmoja na kufika na nusu ya jeshi limevunjika vifundo kwa matuta ya barabarani. Anayesafiri na vijisanamu asitegemee pamba.

Watu waliosikia habari hizi waliniuliza kwa nini sichezi vita vyetu wenyewe. Rafiki wa Bungoma aliniomba nitengeneze Chetambe, ngome ya Wabukusu iliyovunjwa 1895 na kikosi cha Hobley, mtawala wa kikoloni wa Kiingereza. Nilijenga ukuta, nikachimba handaki, nikaweka watu ndani. Ili upande wa ndani uwe na nafasi ya kushinda ilibidi nidanganye kuhusu silaha za upande wa nje. Bila kudanganya, ilikuwa ni kurusha dadu na kuondoa watu, kurusha na kuondoa. Zamu ya tatu tuliacha. Ukuta ninao bado, nimeuweka juu ya kabati la vitabu, na sitauchezea tena. Kwangu mezani pawekwe jambo ambalo pande zote mbili zinaweza kuamua kitu.

Nyumbani kwetu ni Vihiga. Sikukuu moja nilimpelekea nyanya mpagazi mmoja, nikamweka kwenye kiganja chake. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo alimpapasa. Alipofika kwenye mzigo akasimama.

"Huyu amekwenda Kariako," alisema.

Sikuwa nimemweleza chochote. Akanisimulia kwamba baba yake alikuwa na kaka mkubwa aliyechukuliwa na watu wa chifu na hakurudi. Nilimuuliza jina, akanitajia, ni jina ambalo ukoo umewapa watoto kadhaa tangu hapo, na mmoja wao ni mdogo wangu. Nilimuuliza alikuwa mtu wa namna gani. Alifikiri sana. Baba yake hakuwa msemaji, akasema, kitu alichokuwa akikirudia ni kimoja tu: kaka yake alikuwa wa mkono wa kushoto. Alikula kwa kushoto, alilima kwa kushoto, na wazee walimpiga kwa ajili hiyo wala hakubadilika.

Basi, ni hilo tu lililobaki la mtu mzima. Mnamo Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina mahali popote, au hawakukumbukwa kabisa. Nilipoisoma nilifikiria mkono ule wa kushoto.

Nilimchonga. Mtu mwembamba, ngozi ya maji ya kunde kama ya upande wa nyanya, gunia kichwani, na mkono unaolishika ni wa kushoto. Sikumtengenezea silikoni. Nilimfanya kama tunavyofanya meno: nta inazikwa ndani ya jasi, inayeyushwa kwa maji ya moto, akriliki inajazwa palipokuwa na nta, kisha jasi inavunjwa. Anatoka mmoja, na hawezi kutoka mwingine.

Mchezo tunaoucheza sasa ni wa msimu wa mvua wa mwanzo wa 1917, upande wa mto Rufiji, mafuriko yalipokata njia na askari wakakaa na njaa mbele na wapagazi wakafa nyuma. Kanuni ameziandika afande. Kuna kampuni moja ya Keya mwisho wa meza, na kazi ya mchezaji ni kuifikishia mizigo arobaini katika zamu kumi na mbili. Adui yupo, lakini hutokea mara chache. Kila zamu unachagua: kutembea haraka au kupika unga vizuri; kulala mtoni penye maji au mlimani pakavu; kumwacha mgonjwa, au kutoa watu wawili wambebe kwa machela na mizigo yao miwili iachwe. Mwisho wa zamu unarusha dadu kwa ajili ya kuhara na homa, na kwa kila moja inayotoka unaondoa mtu.

Jumamosi iliyopita msafara ulikuwa wa afande. Alikuwa ameongoza vizuri kuliko mimi nilivyowahi, alikuwa amepika kila siku, alikuwa zamu ya tisa na mizigo thelathini na sita. Akarusha. Dadu ikatoa moja. Alinyoosha mkono kwenye msafara bila kutazama sana, akamwinua mtu wa karibu naye, na alikuwa ni yule wa shoto.

"Huyo mwache, afande," nilisema.

Hakuuliza kwa nini. Habari za Vihiga sikuwahi kumwambia. Alimgeuza, akauona mkono, akamrudisha taratibu mahali pake, wosha ikashika sumaku ya ubao kwa mlio mdogo.

"Sawa, daktari," alisema. "Basi nimtoe nani?"

Niliutazama msafara. Aliyemfuata alikuwa na paji la uso la yule kijana wa gunia wa Kibuye. Nyuma yake mwenye sufuria, niliyekaa naye usiku mzima nikitafuta rangi ya viganja. Kisha aliyeketi akijishika unyayo, ambaye binti yangu alimchagulia mkeka. Afande alingoja, mkono ukiwa juu ya meza. Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati.